Simu Thelathini na Moja

11 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba sikio lako la kulia halijazidi. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo hata hali ya hewa sina ya kukusimulia. Msalimie mkaza mjomba na mapacha. Waambie vitabu walivyoagiza nimevipata, nitavituma mwisho wa mwezi ujao. Mama nimempigia mara mbili wiki hii, anasema hajambo. Anasema hajambo kila mara, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Najua mtu akituona atashangaa, mfanyakazi wa kampuni ya simu na fundi wa simu wanaandikiana kwenye karatasi. Lakini wewe ukipigiwa husikii, ile programu ya kuandikiana kwa makundi mnayotumia nyote haipo kwenye simu yangu, na kampuni inataka tubebe simu zenye mfumo wake tu. Basi tuendelee na posta.

Sasa jambo lenyewe. Unajua sisi hatutengenezi kasha wala betri, tunatengeneza mfumo unaoiendesha simu. Wanaotawala huko ni wawili, na karibu kila simu unayoifungua hapo mezani kwako inaendeshwa na mmoja wao. Tulijisemea kuna nafasi ya wa tatu. Wetu ni mwepesi, betri inakaa siku mbili, hata simu ya bei ya chini inakwenda nao bila kukwama. Hakuna anayepinga hilo. Walioujaribu kwa ajili ya magazeti waliusifu ukurasa mzima, kisha wakarudi kwenye simu zao.

Kazi yangu ni kuzunguka kwa wenye programu, wa benki, wa ramani, wa makundi, nikiwaomba watengeneze na toleo letu. Viti vya mapokezi vya mji huu navijua vyote, na kipi kinaumiza mgongo.

Kama nilivyowaeleza nilipokuja, kila simu yenye mfumo wetu ikiwashwa hutuma salamu kwenye mitambo yetu, na ikizimwa huaga. Kwenye kompyuta yangu naona nukta inawaka, kisha inazimika. Haisemi simu ni ya nani, inaonyesha namba yake na mji. Mkuu wa kampuni ametangaza kwamba mwisho wa Juni atazihesabu, na zikipungua, mfumo unafungwa na sisi tunakwenda nyumbani. Kila mji zinapungua, isipokuwa wenu. Mwaka jana zilikuja kwenu simu thelathini na moja, thelathini za dukani kwako na ile niliyomnunulia Mama, na mpaka leo zinawaka thelathini na moja. Kwenye orodha yangu hakuna mji mwingine wa namna hiyo. Mjomba, mmefanya nini huko?

Binti yako,
Kijiti


2 Februari

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Barua yako imetumia wiki mbili njiani na imefika imekunjwa na mtu asiyependa kazi yake. Sisi wazima. Mapacha wanasema vitabu visiwe vya hesabu. Mkaza mjomba wako amehamisha kabati la sebuleni mara mbili tangu mwaka uanze, na kila likihama mbebaji ni mimi. Sikio ni lile lile. Wateja wananisemesha kwa kelele na wapita njia wanadhani tunagombana.

Mama yako hajambo. Amepungua maneno kidogo, lakini na mimi nimepungua nywele. Umri ndio huo.

Kuhusu simu, watu wamezipenda, basi. Sina kubwa la kueleza.

Ngoja nikueleze ya kaunta, maana wewe unakaa na wakubwa na mimi nakaa na wenye simu. Mtu akija kununua haulizi betri, hata siku moja. Anauliza, "Ina makundi?" Nikimwambia haina, anaigeuzageuza, anasifu rangi, anairudisha taratibu kana kwamba ataniumiza. Alikuja mwalimu wa chekechea, mama mwenye akili zake, nikaipigia debe betri mpaka midomo ikakauka. Akanisikiliza, kisha akasema, "Fundi, wazazi wa watoto wote wako kule. Mtoto akiamka na homa wananiandikia kule. Hii nitakaa nayo niongee na nani?"

Halafu kuna kukwama. Mtu akikwama na simu haji kwangu kwanza, anamuuliza aliye karibu naye. Jirani anaishika, anabonyeza mara mbili, yamekwisha. Simu yenu ikikwama jirani anaitazama, anasema hii siijui, anairudisha. Na kioo je? Kioo cha simu za wale wawili nakipata kwa muuza vipuri ng'ambo ya barabara kabla chai haijapoa. Chenu nilikisubiri wiki sita. Kava hakuna kabisa, kuna mteja alijishonea ya soksi.

Sisemi kwa ubaya. Simu yenu nimeifungua, nyaya zake zimelazwa na mtu anayejiheshimu. Ila mtu hanunui simu peke yake. Ananunua na jirani anayeijua, na muuza vioo, na wazazi wote wa chekechea.

Mji wetu usikutie wasiwasi. Ule vizuri.

Mjomba wako,
Fundi


6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Habari ya kioo niliisoma kwa sauti ofisini, hakuna aliyecheka wala aliyebisha. Mafua yalinishika wiki mbili, yamepita. Vitabu vimetumwa. Kimoja ni cha hesabu, waombe mapacha radhi.

Nilikwenda kwa wenye programu ya makundi. Nilikaa mapokezi saa tatu, nikapewa dakika kumi na mbili na mwanamke mmoja mpole aliyevaa soksi za rangi mbili tofauti. Akaniambia, "Leteni watu milioni kumi, siku hiyo hiyo tunaanza kuwatengenezea." Nikamwambia watu hawaji kwa sababu ninyi hamjaja. Akasema, "Najua. Pole." Na alimaanisha, Mjomba, hakuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikashuka ngazi nikiisubiri hasira inifike. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, haijafika.

Kuna mwenzangu meza ya jirani, siku hizi tunamwita Daraja. Alitengeneza njia ya kuziendesha programu za mmoja wa wale wawili wakubwa ndani ya mfumo wetu, bila wenye programu kuinua hata kidole. Siku alipotuonyesha tulimpigia makofi mpaka watu wa ghorofa ya juu wakashuka kuuliza kuna nini. Wiki iliyofuata benki tatu, ambazo zilikuwa zimekubali kututengenezea, ziliniandikia maneno karibu yale yale: kama programu yetu ya kule inafunguka kwenu, hatuna haja ya kujisumbua. Benki hizo nilikuwa nimezifuata miezi minane. Halafu mkubwa huyo akabadilisha kitu kidogo upande wake, na njia ikakatika. Tukabaki bila za kwao na bila za kwetu. Daraja siku hizi anakula peke yake.

Na yule mwenye kiwanda aliyeahidi kututolea simu laki moja amerudi nyuma. Mkataba wake na mkubwa huyo unasema akitoa hata simu ya aina moja yenye mfumo mwingine, simu zake zote zilizobaki zinanyimwa duka la programu. Alinionyesha ukurasa wenyewe, amefunika jina kwa kidole gumba. Alikuwa na aibu kuliko mimi.

Umebaki mji wenu. Nimeuweka kwenye maelezo niliyowasomea wakuu wiki jana. Mkuu alisimamisha kikao akauliza, "Hawa kwa nini hawaondoki?" Nikajibu nitachunguza. Amewabakisha kazini watu wanne waliokuwa waachishwe, Daraja akiwa mmoja wao, waufanyie kazi mji huo mpaka Juni. Anasema kama kuna jibu mahali popote, liko pale.

Kwa hiyo nakuomba uwaulize wenye simu swali moja tu: kwa nini hujaiacha? Andika kama watakavyosema, usiyapambe.

Mama siku hizi hapokei mpaka nipige mara tatu. Muulize na yeye.

Kijiti


14 Aprili

Kijiti,

Marahaba. Nimechelewa. Mvua, vipuri, mambo. Vitabu vimefika, na cha hesabu kimekutwa chini ya godoro la mtu ambaye hajulikani. Mkaza mjomba anaumwa jino na anatuuguza sisi sote.

Majibu ni haya. Mmoja alisema betri. Wa pili alisema betri. Wa tatu anapenda rangi. Wengine walikuwa na haraka.

Mama yako nilimuuliza jikoni kwake akikunja nguo. Akasema, "Ni ya mwanangu." Nikamwambia dada, anataka sababu, ataiandika kwenye karatasi za kazi. Akasema, "Si ndiyo hiyo."

Sina zaidi. Uwe unalala mapema.

Fundi


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Jino la mkaza mjomba vipi, limetolewa? Hapa hakuna jipya. Tangu mwisho wa Aprili wameondoka watu kumi na wanane bila kufukuzwa, wamejiondokea. Kila anayeondoka anaacha kikombe chake jikoni na hakuna anayekiosha. Jana nilivihesabu, nikarudi mezani.

Nataka kukueleza nilichokiona. Ukitaka usinijibu.

Simu thelathini za mji wenu huwaka kuanzia saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi. Inawaka moja, haipiti nusu dakika, inawaka nyingine, mpaka zote. Huwa ni kwa mpangilio ule ule wa namba. Jumapili haziwaki. Tarehe tatu Februari hazikuwaka, na siku hiyo Mama aliniambia una homa hukufungua duka. Watu thelathini hawaamki hivyo, Mjomba. Huyo ni mtu mmoja na kidole chake.

Ya thelathini na moja huwaka alfajiri, siku zote, Jumapili pia. Namba yake naijua kwa sababu niliinunua mimi.

Haya sikuyaona jana. Niliyaona Februari. Niliwasomea wakuu habari za mji wenu nikijua, na barua ya Machi nilikuandikia nikijua. Nilikuuliza kwa nini watu hawajaziacha wakati najua wameziacha wote. Mbele ya wakuu niliusoma ule mstari kwa sauti iliyonyooka, nikaketi, nikanywa maji. Nilitaka uniambie mwenyewe. Na nilitaka pia usiniambie, kwa sababu Daraja ana watoto watatu na mkewe hafanyi kazi.

Ningependa kukuandikia kwamba naona haya. Najipapasa nizione, sizioni. Nakwenda kazini, nakaa, narudi.

Kijiti


8 Juni

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Jino limetoka, mkaza mjomba amelihifadhi na kila mgeni lazima alione. Mapacha wamefaulu, mmoja zaidi ya mwenzake, na nyumba haina amani. Salamu zimekwisha, nisizidi kujificha nyuma yake.

Ni mimi.

Wa kwanza kurudisha alikuwa mwalimu wa chekechea, maana mwaka jana nilimshawishi akachukua, akarudi wiki ya tatu. Nikambadilishia na simu iliyotumika. Akafuata muuza rangi, akafuata kinyozi. Kufika Oktoba zote thelathini zilikuwa kwenye droo yangu. Ningeweza kuzirudisha kwenu. Lakini ulipokuja mara ya mwisho ulinieleza habari ya zile nukta, na ulivyoeleza uso wako ulichangamka, na mimi uso huo sikuwa nimeuona tangu ukiwa shule. Nikawaza, huyu mtoto atakaa pale atazame mji wa kwao unazimika nukta moja moja. Basi nikanunua waya wenye soketi nyingi. Asubuhi nafungua duka, naweka maji ya chai jikoni, nazianza kutoka kushoto. Jioni nazizima nazichaji. Imekuwa sehemu ya kazi, mkono unakwenda wenyewe.

Nilidhani nakutia moyo tu. Uliponiandikia habari ya wale watu wanne, niliona nimenasa. Nikisema, nawafukuza kazi. Nikinyamaza, naendelea kudanganya. Nikakuandikia yale ya betri, na nikayaandika kwa mwandiko mbaya makusudi usiulize tena.

Kuna la pili, na hili ndilo lililonizidi.

Unamkumbuka mshonaji, rafiki wa mama yako wa tangu kiwanda cha nguo, yule aliyehamia mbali kwa binti yake. Walikuwa wanaongea kila siku kwenye kundi lao la wanawake wa kiwandani. Dada alipoichukua simu yako aliwaaga, akawaambia atakuwa anapiga. Alipiga mwanzoni. Halafu unajua mambo yanavyokuwa, huyu yuko sokoni, yule chaji imekwisha, zikapita siku, zikapita wiki. Mshonaji alifariki mwisho wa Januari, ghafla. Ilitangazwa kwenye kundi. Na kwa kuwa ilitangazwa kule, kila mtu alijua kwamba kila mtu anajua.

Mimi nilisikia kwa mke wangu. Nilimwona dada amepungua maneno, nikadhani ni msiba ule, nikaona nisimtoneshe. Kumbe alikuwa mpweke tu. Wenzake nao waliona hakutuma hata neno moja la pole, hakufika kuzika, wakasema ana roho ngumu. Binti wa mshonaji alisema asitajiwe jina lake tena.

Dada amejua wiki iliyopita, kwenye foleni ya duka la dawa. Alikutana na mmoja wa wale wenzake akamwambia, "Mshonaji hajambo? Namtafuta kwenye simu simpati." Yule mama akamtazama tu. Hivyo ndivyo alivyojua.

Nilimkuta kwenye kiti cha jikoni, mkoba bado uko begani. Nikamwambia dada, leo hii nakupa simu ya kawaida, urudi kwa wenzako. Akasema, "Hapana. Anaiangalia kila asubuhi. Nikiitoa ataona." Nikamwambia Kijiti ni mtu mzima, hatavunjika. Akaniuliza, "Ameshaondokewa na wangapi?" Ningemwambia wote, lakini nilikuwa nimewaficha mimi, na yeye anadhani bado wako wengi wenye simu hiyo.

Nimembembeleza mpaka nimechoka. Mimi simuwezi. Wa kumwambia ni wewe.

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Pongezi kwa mapacha wote wawili, kwa sauti moja, wasigombane.

Nimewaambia. Niliomba dakika tano mwanzoni mwa kikao, nikawaeleza kwamba mji ule ni droo moja ya duka. Mkuu hakukasirika. Aliuliza tu kama kuna droo nyingine mahali pengine. Kesho yake hesabu ikafanywa. Hata na thelathini zako zisingetosha, zilipungua kwa maelfu mengi. Kwa hiyo hukuharibu kitu, na hukuokoa kitu. Pumzika. Acha kuziwasha, au ziwashe kama mkono umezoea, sasa ni sawa.

Mitambo itazimwa tarehe 30 Septemba. Daraja aliondoka siku ile ile ya hesabu. Alinipa mkono, akaniambia angefanya kama mimi. Sijui alimaanisha nini, kusema au kunyamaza. Sikumuuliza.

Wameniagiza niandike ripoti ya tulikosea wapi. Nimeandika kurasa arobaini, kuna benki, kuna mkataba wa yule wa kiwanda, kuna hadi kioo chako cha wiki sita. Nimeikabidhi. Lakini tangu barua yako nafikiria jingine ambalo halimo. Simu ya Mama ilifanya kila kitu tulichoahidi. Haikuharibika hata siku moja, betri ilikaa siku mbili. Tulichokuwa tunamwomba kila mtu ni kwamba aondoke walipo wenzake, aondoke peke yake, akatungojee sisi mpaka hao wenzake watakapokuja. Hakuna mtu anayefanya hivyo kwa ajili ya betri. Aliyekubali ni Mama, na yeye hakukubali kwa ajili ya simu.

Ndani ya bahasha kuna barua yake. Nimemwandikia asingoje Septemba, achukue simu kwako, arudi kundini, amwandikie binti wa mshonaji. Nimemwomba msamaha, nadhani vibaya, maneno yalitoka makavu. Pia nimemwambia nimehamishwa kitengo na zile nukta siziangalii tena. Si kweli. Lakini akikuuliza umjibu hivyo hivyo.

Nimepata kazi nyingine, naanza Septemba. Usiniulize ni kwa nani. Utacheka, halafu utanyamaza.

Kijiti


30 Julai

Kijiti,

Marahaba. Hongera ya kazi. Sikuuliza, nilicheka, na nilinyamaza. Usijisikie vibaya, mimi natengeneza simu za hao wakubwa miaka yote hii na sijawahi kulala na njaa.

Barua nilimpelekea dada Jumatano. Aliisoma amesimama. Akaniuliza, "Ni kweli haangalii tena?" Nikasema kweli. Akaikunja, akasema sawa, atachukua simu. Nikatoa ile niliyomwekea mfukoni, akanishika mkono. Akasema si leo. Tungoje Jumapili, siku ambayo huendi kazini. "Huenda bado anachungulia," akasema.

Basi nikarudi Jumapili. Nilimwekea laini yake kwenye simu mpya, nikampigia yule mama wa foleni akamwingiza kundini. Ukiingizwa upya kwenye kundi huyaoni yaliyosemwa kabla yako. Alifungua akakuta pamekaa peupe. Akauliza, "Ya miezi yote yako wapi?" Nikamwambia yamebaki kwao. Akavaa miwani akaandika kwa kidole kimoja, "Poleni sana kwa msiba wa mwenzetu. Sikujua." Akatazama. Akafuta "Sikujua," akaiacha pole peke yake, akaituma.

Wawili walimjibu siku hiyo. Wengine walianza kumsalimia kesho yake kana kwamba alikuwa safarini. Binti wa mshonaji hajamjibu, ingawa alama inaonyesha amesoma. Dada ameiacha simu mezani imelala chali, na akipita anaitupia jicho. Anakula. Usingizi anaupata. Siwezi kukuambia amechangamka, nitakuwa natia chumvi.

Ile ya kwako aliizima mwenyewe, hakutaka niiguse. Aliishika muda, akaniuliza mara mbili kitufe ni kipi, na alikuwa anakijua. Ilikuwa alasiri, saa kumi na kitu. Kisha akaniambia twende nje, kuna joto.

Fundi


24 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Wote hamjambo? Mimi mzima. Nahama Jumamosi, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Chumba hicho kipya kina madirisha mawili. Mkaza mjomba na mapacha wape salamu zangu, na asante kwa kukaa karibu na Mama.

Jumapili ile nilikuwa ofisini. Nimekuwa nikienda kila Jumapili tangu Mei. Siku nyingine nilikuwa na kazi za kufanya, Jumapili nilikuwa sina, nilikuwa nakaa tu. Siku hiyo kwenye mji wenu huwa inabaki nukta moja, ya Mama, na naipata bila kutafuta.

Ilizimika saa kumi na dakika kumi na moja. Nilikaa kidogo, halafu nikavaa koti.

Mama akiuliza, mwambie sikuwepo.

Kijiti